Picha Hukamilika Wapi? Mjadala juu ya Gemu za Kale na Vioo Vyake

Tangu vioo bapa vilipoingia majumbani, na televisheni za chogo zikaanza kutolewa sebuleni zipelekwe uani, na kutoka uani zipelekwe jaani, kumezuka baina ya wapenzi wa gemu za kale mabishano ambayo asiyehusika huyadhania ya kitoto, ilhali ndani yake mna suala ambalo kila mwenye kuhifadhi sanaa hana budi kulikabili: kitu hiki tunachotaka kisipotee, ukamilifu wake uko wapi? Uko katika mashine, au katika kaseti iliyobeba hesabu zake, au katika kioo ambacho picha ilionekana juu yake? Mimi nina upande wangu na sitauficha, kwani naamini kioo ni sehemu ya kazi yenyewe. Lakini kwa kuwa wanaoipinga itikadi hiyo wana hoja nzito zisizostahiki kudunishwa, nimeona insafu ni kuzitia hoja hizo vinywani mwa watu watatu wajibizane wenyewe, nami niingie pale tu ninapoona neno limepungua. Wa kwanza nimemwita Maalim, ambaye huicheza Famicom ya Kijapani juu ya televisheni ya bomba la kioo wala hataki kusikia jingine. Wa pili ni Kijana, aliyeiunganisha mashine hiyo hiyo na kioo kipya cha inchi 55 na anaona ametenda wema. Wa tatu ni Fundi, ambaye mashine za wote wawili zimepita mikononi mwake, zikafunguliwa, zikalehemiwa, zikarudi kwa wenyewe zikiwa hai.

MAALIM: Nianze na lililo dhahiri. Famicom ilipouzwa Japani kwa mara ya kwanza, tarehe 15 Julai 1983, kwa bei ya yen 14,800, haikuja na kioo chake. Ilikuja na waya wa kuchomekwa katika tundu la antena la televisheni ya nyumba, ikajifanya stesheni ndogo, na aliyetaka kucheza alilazimika kuitafuta katika chaneli ya 1 au ya 2 kama anayetafuta taarifa ya habari. Basi walioiunda, na wale waliozichora gemu zake, walijua kwa yakini kuwa kazi yao haitaonekana popote ila juu ya bomba la kioo, ambamo mshale wa elektroni huanzia juu kushoto, ukapita kwenda kulia, ukarudi, ukashuka mstari mmoja, hata ukafika chini na kuanza upya, mara 60 kwa kila sekunde. Televisheni ya Kijapani ilipangiwa mistari 525, nusu yake ikipita zamu hii na nusu zamu ijayo. Famicom, kwa hila nzuri ya hesabu, ikaifanya mistari yake 240 ipite pale pale kila zamu, na nafasi ya ile mistari ya pili ikabaki giza. Giza hilo jembamba baina ya mstari na mstari, ambalo watu wa leo wanaliona kasoro, ndilo lililoipa picha ile umbile lake. Liliondoe, na uso wa mtu unabaki miraba mitupu.

KIJANA: Shikamoo, Maalim. Miraba ndiyo aliyoichora mchoraji. Mimi ninapoiona miraba wazi, pembe zake zikiwa zimekaa sawa, naona kazi ya mkono wake bila pazia.

MAALIM: Marahaba, mwanangu. Hebu nikuonyeshe pazia lenyewe. Katika Castlevania: Symphony of the Night, gemu ya Konami ya mwaka 1997, mna picha ya Dracula iwekwayo kando ya maneno yake anaponena. Ikuze nukta kwa nukta juu ya kioo bapa, na jicho lake utalikuta ni nukta moja nyekundu iliyotupwa ndani ya miraba ya kijivu na ya rangi ya ngozi, haina mboni wala kope, nawe utajiuliza mchoraji alikuwa na haraka gani. Iweke juu ya bomba la kioo. Wekundu ule unamwagika kidogo pembeni, miraba ya jirani inayeyukiana, kivuli cha paji la uso kinashuka taratibu hadi kwenye shavu, na hapo ndipo unapomwona mtu aliye hai anakutazama na jicho lake linawaka. Mchoraji aliitia nukta ile moja kwa sababu alijua kioo kitaifanya jicho. Sasa niambie, mkono wake umeuona wapi, kule au huku?

FUNDI: Hapo niongeze ushahidi wangu, Maalim, maana yamenifika kazini. Alikuja mteja na Mega Drive yake ya Sega, akataka waya wa RGB badala ya ule wa kompositi unaozibeba rangi zote pamoja, kwa kuwa Mega Drive yenyewe hutoa rangi zikiwa zimetengana na hakuna haja hata ya kuifungua. Nikamtengenezea. Akafurahi sana kwa jinsi herufi zilivyokaa wazi. Baada ya siku chache akarudi amenuna, anasema nimemharibia maji. Maji gani? Maporomoko ya maji ya Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991. Nikaiwasha, nikaona: maporomoko yale yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja una rangi ya maji, mmoja mtupu, mmoja una rangi, mmoja mtupu, kwa sababu mashine ile haikuwa na njia nyepesi ya kuichanganya rangi ya maji na ya mwamba ulio nyuma yake. Waya wa kompositi ndio uliokuwa ukizichanganya, kwani hauwezi kuitenganisha mistari iliyosongamana namna ile. Ukawa unafanya kwa udhaifu wake kazi ambayo chipu iliishindwa. Nilipompa waya bora nikamwondolea maji, akabakiwa na fito.

Nimesimama hapa kidogo, kwa sababu mfano huu wa Fundi naupenda kuliko mingi iliyoandikwa juu ya suala hili. Aghalabu tunadhani kuwa kila kinachoongeza uwazi kinaongeza ukweli, na dhana hiyo imejengeka katika biashara nzima ya vioo, ambapo kila mwaka nukta huongezwa na mnunuzi huambiwa kuwa sasa ndipo atakapoona sawasawa. Kumbe wako mafundi wa sanaa waliofanya kazi kwa kuutegemea ukungu, wakaupima, wakaujua tabia, wakautumia kama rangi mojawapo katika sanduku lao. Kuwaondolea ukungu huo ni kuwanyang'anya rangi waliyokwisha kuipaka. Lakini Kijana anayo hoja ambayo mimi binafsi ilinisumbua, naye aisema.

KIJANA: Sibishi, Maalim, kuwa bomba lilikuwa sehemu ya picha. Ninachouliza ni bomba lipi. Chukua mbingu ya Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985, iliyotazamwa na watoto wengi pengine kuliko mchoro wowote wa zama zile. Rangi yake ni ipi? Wako wanaoapa ni buluu safi, na wako wanaoapa ina uzambarau, na wote wanasema kweli. Chipu ya picha iliyomo ndani ya Famicom haikuandikiwa popote kiasi cha wekundu, cha kijani na cha buluu. Hutoa mawimbi tu ya kompositi, na rangi ni namna mawimbi yale yanavyopishana na mawimbi ya kipimo, kisha kila televisheni ikayafasiri kwa akili yake, na mwenye nyumba naye akakizungusha kitufe cha rangi akakiacha anapopapenda. Kwa hiyo mbingu ilikuwa buluu nyumba hii na zambarau nyumba ya pili. Sembuse sisi wa pwani hii! Televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Tanzania Bara ikangoja hata 1994, na zote zikafuata mfumo wa PAL wa picha 50 kwa sekunde. Mashine tulizozijua hazikuwa Famicom za Nintendo. Zilikuwa za kuigwa, zenye chipu za Kitaiwani zilizopangwa upya ziendane na mfumo huo, ndugu wa zile zilizouzwa Urusi kuanzia 1992 kwa jina la Dendy, na kaseti zake ziliandikwa kuwa zina gemu 9,999,999, nawe ukihesabu ni chache zinazojirudia. Kwa picha 50 badala ya 60, gemu ilitembea kwa kadiri ya sehemu tano katika sita za mwendo wake, na muziki ukawa mzito. Huo ndio mwendo walioujua watoto wa huku. Je, walichokiona wao si gemu?

MAALIM: Walichokiona ni gemu, tena ni haki yao, na aliyeizoea mbingu ya zambarau siwezi kumkataza mbingu yake. Tofauti hizo nazikubali kama ninavyokubali kuwa udi mmoja haulii sawa na udi mwingine. Lakini udi wote una nyuzi na tumbo la mti. Vivyo hivyo vioo vile vyote, cha Tokyo na cha Unguja, kizuri na kibovu, vilikuwa na mambo mawili ambayo kioo chako hakinayo. La kwanza ni kuwa havikungoja. Mshale wa elektroni ulikuwa ukipita pale pale mawimbi yalipokuwa yakitoka katika mashine. Hapakuwa na pahala ndani ya televisheni ile pa kuiweka picha, ikafikiriwa, ikakuzwa, ndipo ionyeshwe. Ithibati yake ni bunduki ya Zapper katika Duck Hunt. Ukivuta kifyatulio, kioo chote kinakuwa cheusi kwa zamu moja, kisha pale alipo bata pakachorwa mraba mweupe, na jicho la mwanga lililomo ndani ya mtutu likaangalia kama mwanga ule umefika mbele yake katika wakati ule ule uliotazamiwa. Tena bunduki ile imefunzwa kuujua mwanga unaopigapiga kwa kasi ya mistari ya bomba, takriban mara 15,000 kwa sekunde, ili mtoto mjanja asiielekeze kwenye taa ya dari akadai ameua. Ichukue uielekeze kwenye kioo chako cha inchi 55. Mwanga unachelewa, wala haupigi kwa kasi ile, na bata wanapita salama hadi jua lichwe.

KIJANA: Siku hizi ziko bunduki zenye kamera ndani yake, Maalim, nazo zinafanya kazi juu ya kioo chochote.

MAALIM: Hizo ni bunduki nyingine za gemu nyingine. La pili ni mwendo. Nukta ya fosfa katika bomba huwaka na kufifia kwa muda wa takriban milisekunde moja, kisha giza mpaka mshale urudi. Kioo chako huishika picha na kuining'iniza milisekunde 16 na ushei, ndipo kilete nyingine. Jicho linalomfuata Sonic akikimbia haliningʼinii pamoja nayo. Linaendelea kusogea, na kwa kuwa picha imesimama ilhali jicho linakwenda, mtu anakuwa na mkia wa ukungu nyuma yake. Ukapoteza huko, katika gemu ambayo kukimbia ndiko kila kitu, uwazi ule ule uliousifu ulipokuwa umesimama.

KIJANA: Hilo la mwendo nimelikubali zamani, na hata hili la kungoja lilikuwa aibu kubwa kuliko unavyolieleza. Televisheni bapa za kawaida zilipoletewa mistari 240 zilidhani zimeletewa ile picha ya nusu kwa nusu ya utangazaji, zikaanza kuishonea nusu ambayo haipo. Na kwa kuwa gemu nyingi huchora kivuli kwa kukionyesha zamu moja na kukificha zamu ya pili, kivuli kikawa kinapotea kabisa au kinageuka meno ya kitana. Nimeyaona hayo na yalinichukiza. Lakini watu hawakukaa kitako. Pametengenezwa visanduku vinavyokaa baina ya mashine na kioo, vinavyojua mistari 240 ni nini, navyo havichukui hata muda wa picha moja kuigeuza. RetroTINK-4K iliyotoka mwaka 2023 inafanya zaidi. Kioo cha 4K kina mistari 2,160, yaani kila mstari mmoja wa kale umepata mistari tisa ya kujidai. Katika tisa hizo kuna nafasi ya kuuchora mwanga wa katikati, na kufifia kwake pembeni, na lile giza lako la baina, hata zile fito nyembamba za rangi tatu za Trinitron, bomba la Sony. Na kioo chenye nuru kali kinaweza kuingiza picha nyeusi baina ya picha mbili ili mwendo usiwe na mkia. Dracula wako, Maalim, ana jicho juu ya kioo changu.

MAALIM: Ana jicho lililochorwa juu ya jicho.

KIJANA: Naam, na miaka 20 ijayo litakuwa limebaki hilo tu. Sony iliacha kuunda Trinitron mwaka 2008, bomba lililoanza kuuzwa 1968. Hakuna kiwanda kitakachoanza tena kazi hiyo kwa ajili yetu. Bomba ni kioo kilichochanganywa na risasi, ni zito, haliko salama kutupwa, haliko salama kusafirishwa, na kila saa unayocheza linapungua nuru. Unaniambia picha hukamilika juu ya kitu kinachokufa. Basi mimi nakuuliza, kikishakufa umetuachia nini?

Maalim hakulijibu neno hili papo hapo, na si ajabu, kwani ndilo zito kuliko yote. Katika mwaka 2024 wapenzi wa mambo haya walifuatilia habari ya televisheni ya Sony ya inchi 43, kubwa kuliko bomba lolote lililouzwa kwa watu wa kawaida, iliyotolewa Japani mwaka 1989 kwa bei ya yen milioni 2.6. Wengi walikuwa wameshaamini kuwa hakuna hata moja iliyobaki, hadi moja ikaonekana katika picha ya mgahawa wa tambi huko Osaka, ghorofani, katika jengo lililokaribia kubomolewa. Ina uzito wa kilo 200 hivi. Watu wasiojuana, wengine Marekani na wengine Japani, walipatana kwa haraka, wakaishusha ngazini kwa mikono, wakaifunga, wakaivusha bahari, na huko Marekani ikafunguliwa, ikatengenezwa, ikawaka. Wako waliowaona ni wendawazimu. Mimi nilipoisoma habari ile nilishukuru, kwa sababu watu wale walifanya kwa kitu cha kiwandani kile ambacho majumba ya makumbusho hufanya kwa sanamu na vyombo vya kale, tena bila ya mshahara; lakini nikajua pia kuwa jambo la namna ile haliwezi kufanywa kwa televisheni zote, wala kwa mia moja katika hizo. Fundi ndiye aliyelitoa suala hili mahali pa kuomboleza akalipeleka mezani.

FUNDI: Mabwana, nyie mnazungumza kama kwamba kuna kutunza na kuna kugeuza, basi. Kazini hayako hivyo. Kuna kutibu, na kuna kugeuza kunakorudika, na kuna kugeuza kusikorudika. Nianze na kutibu. Game Gear ya Sega, ya mwaka 1990, ukiniletea leo haijafunguliwa, nakwambia bila kuiwasha kuwa kapasita zake zimevuja, kwa kuwa nyingi zimevuja. Maji yake yanakula shaba ya bodi, sauti inakufa kwanza, kisha kioo kinakuwa hafifu. Hapo kusema hutaki iguswe ili ibaki ya asili ni kuiua kwa heshima. Nazitoa kapasita zote, nasafisha, natia mpya. Vivyo hivyo kaseti za kuhifadhi safari ya mchezaji, mathalan The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987: ndani yake mna betri ndogo ya duara iliyolehemiwa, na betri ikiisha, safari yote imefutika. Kuibadili si kugeuza kitu.

Kugeuza kunakorudika ni kama kuitoa Famicom ya kwanza katika waya wa antena na kuipa kompositi. Unaongeza transista na vipande viwili vitatu vya vifaa, hutoboi popote, unapitisha waya katika tundu lililopo. Akitaka mwenyewe, naung'oa na imerudi ilivyokuwa. Hilo nalifanya kwa moyo mweupe. Lakini wengine huniletea Game Boy ya mwaka 1989, ile yenye rangi nne tu za kijivu na majani, wakataka kioo kipya chenye taa; na ili kioo kikae, inabidi nikate kingo za plastiki ndani ya gamba. Nikishazikata zimekatwa. Siku hizi huwaambia wanunue gamba jipya la kuigiza, wakate hilo, na lile la asili walifunge karatasi waliweke.

Na iko hadithi mbaya zaidi, ambayo nyinyi nyote wawili mwaijua. NES, dada yake Famicom, haikuwa na RGB kabisa. Chipu yake, kama alivyosema Kijana, hutoa kompositi tu kutoka tumboni mwake. Ila Nintendo walikuwa na mashine ya kumbi za michezo iliyoitwa PlayChoice-10, ya mwaka 1986, na chipu ya picha iliyomo humo ilikuwa ya namna ile ile, ila yenyewe inatoa RGB. Watu wakagundua kuwa miguu 40 ya chipu ile inaweza kutiwa katika NES. Basi kwa miaka mingi, kila NES iliyopata picha safi ilimaanisha bodi moja ya PlayChoice-10 imepasuliwa ikaachwa maiti. Tena rangi zake si zile zile, kwa hiyo hata mbingu mliyoigombania haikupatikana. Mpaka, karibu na mwaka 2013, fundi mmoja wa Australia akaunda bodi iitwayo NESRGB, inayokaa chini ya chipu ya asili, ikasikiliza kila inachotaka kuchora, ikaitoa kwa RGB bila kuhitaji maiti. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya kuletewa kioo chochote kipya. Kanuni yangu ni hiyo: geuza, lakini usile mashine hai kwa ajili ya mashine nyingine, na usikate usichoweza kukirudisha.

MAALIM: Kanuni nzuri. Lakini hukugusa bomba.

FUNDI: Nalifikia. Kijana amesema bomba linakufa. Bomba lenyewe hufa, naam, lakini mengi yanayotupwa hayajafa bomba. Yamekufa vitu vya shilingi kidogo. Iko televisheni inayoletwa ikiwa na mstari mmoja tu mweupe wa mlalo katikati ya kioo, juu giza na chini giza. Mwenyewe ameshakata tamaa. Naifungua, na jambo la kwanza kabla ya kugusa kingine ni kuutoa umeme uliolala katika bomba, kwa maana pale penye kikombe cha mpira ubavuni mwake hupita volti 25,000 hivi, na waya kuchomolewa ukutani si dhamana kuwa zimeondoka. Nafunga waya kutoka kwenye bisibisi hadi kwenye ukanda wa chuma wa bomba, mkono mmoja nyuma ya mgongo, naipenyeza chini ya mpira mpaka nisikie imepiga. Kisha naitafuta chipu inayosukuma mshale juu na chini, na mara nyingi nakuta lehemu ya miguu yake imepasuka duara, ufa mwembamba ambao huuoni mpaka uinamishe bodi kwenye mwanga, kwa sababu chipu ile hupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, miaka nenda miaka rudi. Nainywesha lehemu mpya. Kioo kizima kinafunguka. Kazi ya robo saa. Kule Marekani watu wanalipa fedha nyingi kwa monita za PVM zilizotupwa na studio na hospitali, kisha hawapati wa kuzifungua. Na huku kwetu, kwa kuwa televisheni za chogo zilidumu, na hata Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 hazikutupwa bali zilishikizwa king'amuzi zikaendelea, mafundi wenye ujuzi huo wako Kariakoo na wako barabara ya Luthuli Nairobi, watu wazima, wengine wamekwisha kuacha kwa sababu hakuna tena wa kuwaletea kazi. Wao hawazijui gemu hizi. Wanazijua flaibaki zinazolipa bomba volti zake. Wakiondoka wao, Maalim, kioo chako kimeondoka hata kama kiko mezani pako.

MAALIM: Umenipiga mahali pa haki. Nimekusanya vioo vinne nikadhani nimehifadhi, wala sijamfunza mtu hata mmoja kuvifungua.

KIJANA: Nami nina ombi, Maalim, na nakuomba usilione ni dharau. Hiki kisanduku changu hakikuzaliwa kikijua Trinitron. Waliokipanga walikaa mbele ya mabomba hai wakiwa na kamera na vipimo, wakahesabu unene wa kila fito, na jinsi mstari unavyonenepa pale penye nuru kali na kukonda pale penye kiza, na kivuli cha ule uzi mwembamba unaoshikilia fito zisitikisike. Kila bomba walilolipima limo. Ambalo hawakulipima halimo. Yako mengi ya PAL, yaliyopita Dubai yakafika kwetu, ambayo hakuna aliyeyapima, na kwa hiyo picha waliyoiona watoto wa huku haimo katika kisanduku chochote duniani. Niruhusu nivipime vyako.

MAALIM: Hata kikishapimwa, nitakachokicheza mimi ni bomba.

KIJANA: Ndivyo ninavyotaka. Pasipo bomba linalowaka, nitajuaje kama nimekosea?

Neno hilo la Kijana limenipa nilichokuwa nikikitafuta, na kwa ajili yake nimeona mjadala huu unastahiki kuandikwa. Kioo kipya kinaweza kufika mbali sana katika kuiga, na kitafika mbali zaidi. Lakini kila hatua yake inahitaji shahidi asimame kando aseme ndivyo au sivyo, na shahidi huyo hana mwingine ila bomba lenyewe likiwa hai, limetengenezwa, limepangwa sawa, na mtu wa kulifungua yupo. Kwa hiyo sikubali kauli ya kuwa tumekwisha kupata badali, wala ile ya kuwa badali ni khiyana. Ningetaka fedha na juhudi zinazoingia katika kununua kisanduku cha tatu na cha nne zielekezwe, japo kwa sehemu, katika kumkalisha kijana mmoja kando ya fundi mmoja mzee wa televisheni kwa mwaka mzima.

FUNDI: Basi tupatane kazi. Maalim, utaleta ile Trinitron na ile ya chogo ya PAL uliyoirithi. Usizifute vumbi la ndani mwenyewe, tafadhali. Nitazifungua mimi, na Kijana atashika bisibisi, na hatagusa kitu mpaka nimwambie. Tutaangalia kapasita kwanza, kwa sababu ukiipima televisheni yenye kapasita zilizochoka utakuwa umeupima ugonjwa wake. Kisha tutatia kaseti ya 240p Test Suite, programu iliyotengenezwa na wapenzi wa mambo haya kwa kazi hii hii, tunyooshe duara, tupange weupe, tuhakikishe rangi tatu zinakutana pembeni kama zinavyokutana katikati.

KIJANA: Na kamera nitaitega umbali gani?

FUNDI: Karibu ya kuiona fito moja moja, na uipange ichukue picha kwa muda wa zamu nzima au zaidi, la sivyo utapata nusu ya kioo ina mwanga na nusu giza. Na televisheni itakaa imewashwa nusu saa kabla hujapima chochote, kwa maana rangi za bomba hazitulii mpaka lipate moto sawasawa. Maalim anaweza kucheza wakati huo.